Nilipata 9 kati ya 30, nyumbani nikasema 24

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko safarini, maana mchana sipati pa kujificha. Nina miaka 41, naishi Morogoro, nina watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, wa kati darasa la tano, wa mwisho ana miaka minne na bado analala kitandani kwangu. Shahada ya kwanza ya biashara nilimaliza mwaka 2008. Tangu hapo sijashika kitabu, ukiacha zile semina za siku mbili za kupewa cheti na posho. Nafanya kazi kwenye SACCOS. Nilianza kama karani wa dirishani, sasa ni mkuu wa kitengo cha mikopo.

Meneja wetu anakaribia kustaafu. Wajumbe wawili wa bodi, kila mmoja kwa wakati wake, wameninong'oneza kwamba safari hii nafasi ile atapewa mtu mwenye masta. Nikajipiga moyo konde, nikajiunga na MBA mwezi Oktoba. Nasoma siku tatu katikati ya wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na Jumamosi asubuhi saa tatu nyingine. Awamu ya kwanza ya ada nililipa kwa pesa tuliyovunja kikoba. Awamu ya pili ni Januari, mwezi ambao na watoto wanadai ada, na Bodi ya Mikopo bado wananikata asilimia 15 ya mshahara kwa deni la mwaka 2005 hadi 2008.

Sasa nimekwama. Wiki ya sita tulifanya testi ya takwimu. Nilikesha siku nne nikisoma vitini, nikavipigia mistari kwa kalamu ya njano mpaka karatasi zikawa kama mashamba ya alizeti. Siku yenyewe nikasoma swali la kwanza, nikajua kabisa nimeliona, nikajua hata lilikaa upande gani wa ukurasa. Lakini mkono haukuandika kitu. Nimepata 9 kati ya 30. Chini yangu hakukuwa na mtu.

Mume wangu akapiga simu kuuliza. Nikamwambia 24. Sijui ilitoka wapi. Akasema, "Hongera sana mama," akanitumia elfu hamsini nijipongeze. Nimeshindwa hata kuila. Iliishia kwenye chipsi za kikundi, na hilo nalo ni tatizo lingine.

Kwenye kikundi tuko sita. Wanne hawajafika miaka 28, wanaongea mambo ya data na programu kama wanavyoongea mpira. Kazi tuliyopewa ni kuchambua taasisi moja ya fedha. Kiongozi wetu, kijana mstaarabu tu, alisema mbele ya wote: "Mama, wewe usihangaike, sisi tutakuandika jina tu." Wakacheka, si kwa ubaya. Tangu siku hiyo mimi ndiye mnunuzi wa chipsi na soda, na gharama za kuchapisha nalipia mimi. Jina langu linatoka kwenye kazi ambayo sijaisoma.

La mwisho. Insha yangu ya utawala wa taasisi imerudishwa. Mfumo wa kukagua kazi umeonyesha inafanana na maandishi ya watu kwa asilimia 46. Sikuiba, Mwalimu. Nilifanya kama tulivyokuwa tunafanya zamani, unachukua kwenye kitini, unachukua mtandaoni, unapanga vizuri. Na ukweli mwingine ni kwamba Kiingereza changu cha kuandika kimekufa. Ofisini mihutasari, barua na mikataba yote ni Kiswahili. Nikianza sentensi ya Kiingereza mwenyewe, inaishia njiani. Nimepewa wiki mbili niandike upya. Dada mmoja wa darasani amenipa namba ya mtu anayeandika kwa shilingi 150,000, anasema nusu ya darasa wanamtumia.

Nauliza: kichwa changu kimezeeka? Niache nisiendelee kupoteza hela? Au nimlipe huyu mtu nipumue, muhula ujao nijipange? Na nyumbani niseme nini?

Mama wa Watatu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye mashamba ya alizeti nilicheka, kwa sababu na mimi nimeyalima sana.

Nilirudi darasani nikiwa na miaka 44, baada ya miaka 17 kama wewe, yote nikikagua hesabu za watu. Jioni ya kwanza akaingia mhadhiri wa somo la fedha: kijana aliyewahi kufanya mafunzo ya vitendo ofisini kwangu, niliyekuwa namtuma chai. Akaniamkia mbele ya darasa zima, "Shikamoo bosi," kisha akageukia ubao akaandika kitu ambacho mpaka kipindi kinaisha sikujua mwanzo wake wala mwisho wake. Testi yangu ya kwanza nilipata 11 kati ya 30. Kwa hiyo unaongea na mtu aliyekuzidi alama mbili.

Kwanza tumalize la huyo mtu wa 150,000, kwa sababu lina wiki mbili tu. Futa namba yake. "Nusu ya darasa wanamtumia" ni maneno ya dalali, hata kama yamesemwa na mwanafunzi mwenzako. Mwisho wa masomo utaandika tasnifu na utaitetea mbele ya jopo, nawe utaingia kwenye chumba kile peke yako. Halafu fikiria kazi unayoitaka. Unataka kuwa meneja wa akiba za watu, na mjini Morogoro kutakuwa na mtu mmoja anayejua jinsi ulivyoipata shahada yako, ana ujumbe wako wa malipo kwenye simu yake, na siku moja atahitaji mkopo. Programu za akili bandia nazo ni vivyo hivyo. Soma kanuni za chuo chako zinaruhusu nini, kisha zitumie zikutungie maswali ya mazoezi au zikueleze pale ulipokwama. Kuandika, andika wewe.

Umeuliza kama kichwa kimezeeka. Jibu umeliandika mwenyewe. Ulijua swali lilikaa upande gani wa ukurasa, ila mkono haukuandika. Kichwa kinachokumbuka upande wa ukurasa kiko sawasawa. Kilichokufa ganzi ni mkono, na hukuufanyisha kazi yoyote siku zote nne zaidi ya kuburuta kalamu ya njano. Kusoma kitini mara nne kunakufanya uizoee sura yake, kama unavyoizoea sura ya jirani wa mtaa wa pili mnayepishana kila asubuhi. Siku ukiulizwa jina lake, huna.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walipewa vifungu vifupi vya kusoma. Wengine wakavirudia kuvisoma, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, walioandika kwa kukumbuka ndio walikuwa mbele. Hapo kwenye dakika tano ndipo unapodanganyika, mwanangu. Ukimaliza kupiga mistari usiku unajiona umeelewa, na kwa dakika tano ni kweli.

Habari nzuri ni ya zamani zaidi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba jambo ulilowahi kujifunza ukajifunza tena, linaingia kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza, hata kama ulidhani umelisahau. Muda huo unaookoka aliuita akiba. Wewe ni mtu wa SACCOS, neno hilo sitakufafanulia. Unayo akiba ya 2008 ambayo hujawahi kwenda dirishani kuitoa.

Kuitoa ni hivi. Kalamu ya njano wape watoto wachoree. Chukua karatasi ileile ya testi uliyofeli, fanya swali moja kwa kalamu na karatasi tupu, kitini kikiwa chumba kingine. Ukikwama, nenda katazame mstari mmoja tu, rudi uendelee. Swali hilohilo lirudie kesho kutwa, kisha wiki ijayo, kabla hujajisifu kwamba unalijua. Utachukia. Ganzi ikianza kuachia inauma kuliko ilipokuwa imetulia, na wiki tatu za kwanza zitakuwa na maumivu hayo.

Na usiiendee takwimu kama mgeni. Unaifanya kila mwezi bila kuiita jina lake. Unapopeleka taarifa ya mikopo iliyo hatarini, unachukua salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, unaligawa kwa salio la mikopo yote. Tuseme mikopo yenu ni shilingi bilioni 2.4 na iliyochelewa ni milioni 168, hiyo ni asilimia 7, wala huhitaji kikokotoo. Sasa chukua vikundi viwili vya wakopaji watatu watatu. Cha kwanza wamechelewa siku 9, 10 na 11. Cha pili, wawili wamelipa siku yenyewe na mmoja amechelewa siku 30. Wastani wa vikundi vyote viwili ni siku 10. Kwa karatasi ya wastani hawa ni mapacha. Lakini ofisa mikopo ukimwonyesha orodha hii atakwambia papo hapo: hawa wa kwanza ni watu wa kusuasua, watalipa, huku kwa pili kuna mtu amekimbia.

Tofauti hiyo unayoiona kwa macho, wanatakwimu wameipa namba, mchepuko sanifu, ile SD ya kwenye vitini vyenu. Kila idadi ya siku itoe wastani, jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha majibu matatu, gawa kwa tatu, tafuta kipeuo cha pili. Kikundi cha kwanza utapata 0.82, cha pili 14.14. Mwalimu wenu anaweza kukwambia ugawe kwa mbili badala ya tatu. Muulize kwa nini. Ni swali la heshima na halitakuaibisha darasani, tena nina hakika wapo vijana wanne wa kikundi chako ambao wangependa kulisikia jibu.

Thamani ya sasa nayo ni riba yako ya kila siku, ila inatembea kinyumenyume. Ukikopesha shilingi 6,575,162 kwa asilimia 15 kwa mwaka, riba ikizaa riba, baada ya miaka mitatu utadai milioni 10. Basi milioni 10 ya miaka mitatu ijayo, kwa riba hiyo, leo ni shilingi 6,575,162. Nusu ya somo la uwekezaji imekaa juu ya sentensi hii. Fanya mahesabu hayo kwa mkono mara kumi, kwa mikopo ya kubuni, kabla hujagusa Excel.

Tahadhari moja kuhusu akiba hiyo ya 2008: isiwe madaftari. Hesabu za fedha zimehama. Ulipomaliza shahada ya kwanza, hasara ya mkopo ilitengewa fedha pale dalili za hasara zilipoonekana. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 9, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinataka hasara inayotarajiwa itengewe tangu mkopo unapotoka. Hata kodi ya ongezeko la thamani uliyoisoma darasani ilikuwa asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka uliofuata. Madaftari yale yaache yalale.

Sasa hiyo insha. Mfumo hauhukumu mtu, unahesabu maneno yanayofanana na yaliyokwisha kuandikwa, na unaweza kuhesabu hata nukuu halali na orodha ya marejeo kama mwalimu hajaziondoa. Kwa hiyo fungua ripoti uone rangi zimekaa wapi. Ila kwa maelezo yako, ya kuchukua na kupanga vizuri, sidhani kama zimekaa kwenye marejeo. Ulinakili. Nasi tulinakili, na hakuna aliyetushika, basi. Mwandikie mwalimu wa somo mistari mitatu: nimeelewa kosa, naandika upya, naomba dakika kumi za kukuonyesha muhtasari wangu kabla sijaendelea. Wanafunzi wazima wanaogopa sana kugonga mlango wa mhadhiri, wanaona wataonekana wajinga. Kumbe kwenye masomo ya jioni mhadhiri mwenyewe amechoka, na anafurahi kupata mtu anayejua alichokosea.

Kinachonishangaza zaidi ni mada. Utawala wa taasisi! Mkuu wa mikopo wa SACCOS mzima anaenda kunakili mtandaoni habari za bodi na menejimenti! Ulikuwa mezani kwako ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni za 2019 zilipowapeleka SACCOS kuomba leseni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Umeandaa mafaili ya vikao ambamo mjumbe wa bodi anaomba mkopo na wanaouidhinisha ni wajumbe wenzake. Mgongano wa maslahi ambao wenzako wanausoma kwenye vitabu, wewe umeutengea kiti na kuumiminia chai. Anzia hapo. Usitaje majina ya watu wala namba za wanachama, na usimwage hadithi kama uko msibani. Weka hoja ya mwandishi mmoja uliyemsoma, kisha kisa chako, kisha useme kama kisa kinamuunga mkono au kinamkatalia. Hicho ndicho wanachokiita uchambuzi, na miaka ya kazi ndipo inapolipa.

Kiingereza tukishughulikie kwa kupitia Kiswahili. Soma aya moja, funga kompyuta. Simama jikoni, mweleze kwa Kiswahili mjumbe wenu mmoja, yule mzee mkulima asiyependa maneno mengi, aya hiyo inasema nini. Jirekodi kwenye simu. Kisha sikiliza ulichosema ukiandike kwa Kiingereza kifupi: mtenda, kitenzi, kilichotendwa, nukta. Mwishoni weka jina la mwandishi na mwaka. Sentensi ya maneno kumi na mbili haiwezi kuishia njiani, haina safari ndefu. Zinazokufia ni zile unazotaka zifanane na za kitabu. Ukiandika hivi ufanano utashuka wenyewe, kwa sababu hakuna mtandaoni mtu aliyeongea na mzee wenu jikoni kwako.

Nije kwenye saa, kwa sababu bila saa haya yote ni maneno. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, za darasani na za nje. Ni saa 1,800. Masomo ya miaka miwili, ukitoa likizo, yana wiki kama 90, kwa hiyo ni saa 20 kwa wiki. Darasani unakaa 12. Nane zilizobaki, kwa jinsi ulivyoeleza, hazipo kabisa, zinakuja zote kwa pamoja usiku wa kuamkia testi. Zitafute hivi: siku mbili ambazo jioni yake huna darasa, amka saa kumi alfajiri usome hadi saa kumi na mbili. Jumamosi usikimbilie nyumbani, baki maktaba saa tatu baada ya kipindi. Jumapili saa moja ya kurudia maswali ya wiki. Zimetimia nane. Kufua na sokoni vitasukumwa, na nyumba yako itakuwa chafu kidogo kuliko ya wifi yako.

Lakini mtoto wa miaka minne akiamka saa kumi na moja alfajiri akakukosa kitandani? Hapo ndipo baba yao anapohitajika, na ndiyo sababu ile 24 lazima iondoke. Subiri arudi, mwambie ana kwa ana, usimwandikie kwenye simu. Anza na jambo lenyewe, sababu zije akiuliza: "Nilipata 9. Niliona aibu nikasema 24, na ile elfu hamsini ilinikaa kooni." Atanuna siku moja, labda mbili, ana haki hiyo. Kisha mweleze zile saa nane na umwombe asubuhi mbili, akiwa hayupo mtafute pamoja wa kumshikia. Mwanaume anayejua mkewe ana 24 hana sababu ya kuamka na mtoto alfajiri. Anayejua ana 9 anayo.

Pesa. Usikope kikoba kulipa awamu ya Januari. Pesa ya kikoba inadai kurudi baada ya miezi michache, na shahada haitakuletea shilingi kabla ya miaka miwili. Mkopeshaji kama wewe hahitaji kuambiwa kinachofuata muda wa mkopo usipolingana na muda wa mradi. Kabla ya yote, wajumbe wawili kukunong'oneza kwa nyakati tofauti bado haujawa uamuzi wa bodi. Omba kuona sifa za nafasi ya meneja zilivyoandikwa. Nimeshaona watu wakisoma masta kwa sababu ya neno lililosemwa kwenye korido, na tangazo la kazi likatoka halina neno hilo. Kama sifa hiyo imeandikwa, una hoja. Msingi wa tano wa ushirika, kati ya ile saba iliyopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995 ni elimu, mafunzo na taarifa. Andika barua kwa Kiswahili chako kizuri cha ofisini, uombe chama kichangie ada, na ukubali kwa maandishi kukitumikia muda fulani ukimaliza. Wakisema bajeti haina fungu, omba mkopo wa elimu kwa masharti ya mwanachama mwingine yeyote, na faili lako lipitishwe na mtu mwingine, usilipitishe wewe. Deni la Bodi ya Mikopo nalo ingia ulitazame salio lake. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na wapo wanaokatwa mwaka hadi mwaka bila kujua wamebakiza kiasi gani.

Ikifika Januari na ada haijapatikana kwa njia hizo, omba kuahirisha masomo kwa barua, kabla ya mitihani. Vyuo vina utaratibu wa hilo. Usiache kimyakimya. Aliyeahirisha kwa barua ana pa kurudi, aliyepotea tu anaanza upya, pengine na ada yake imeshaliwa. Kuacha kwa sababu ya 9 kwenye testi moja sikushauri hata kidogo.

Nimebakiza kikundi. Huku kwetu mwanamke wa miaka 41 akiitwa mama na kijana wa 26 hajatukanwa, ameheshimiwa. Neno la kukataa ni lile lingine, "jina tu". Wamekufanya mfadhili wa kikundi, nawe umekubali cheo. Ila nimeitafuta kwenye barua yako sehemu uliyowaambia unafanya kazi gani, sijaiona. Watu wanachambua taasisi ya fedha, wamekaa meza moja na mkuu wa mikopo, na hawajui! Jumamosi fika mapema. Mwambie kiongozi wenu kwamba sehemu ya hatari ya mikopo unaiandika wewe, na siku ya kuwasilisha utasimama wewe uieleze. Kisha umwombe akuonyeshe kwa dakika ishirini jinsi anavyopanga data kwenye Excel, maana hapo anakuzidi kweli na hakuna aibu. Na chipsi za Jumamosi hii wanunue wao.